Kaburi la miaka 15

Mwaka 2008 meya wa Sarpourenx, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, alipiga marufuku kufa. Asiye na nafasi makaburini asifie kijijini hapo, na atakayekaidi ataadhibiwa vikali. Watu walicheka (huyo marehemu angeitwa kituo gani?), ila mwenzetu alikuwa amebanwa: mahakama ilimkatalia kupanua makaburi.

Singapore haikufanya mzaha. Tangu 1998 kaburi hupewa miaka 15, kisha mabaki hufukuliwa. Dini ikiruhusu huchomwa. Isiporuhusu, kama kwa Waislamu, huzikwa upya katika eneo dogo.

Mweleze mzee wa Ujiji habari hiyo uone atakavyokutazama. Kwake, aliyezikwa kazikwa, na kumfukua ni kumvunjia heshima. Ukienda kwa Waha wa Kasulu au Wanyamwezi wa Uyui utakuta hoja nyingine, nami naiona nzito zaidi: kaburi la babu shambani ni ushahidi. Mpaka ukigombaniwa, asiye na karatasi huwapeleka wazee wa baraza kaburini. Ukiliwekea ukomo, umemnyang'anya maskini shahidi wake.

Tusijidanganye lakini kwamba kwetu Tanzania kaburi halisogezwi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inairuhusu serikali kulihamisha ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, na reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma haiwezi kukwepa kila mji wa mtu. Sheria yenyewe si katili. Inataka taarifa itolewe, na fidia yake inagusa hadi gharama za matambiko ya kumhamisha marehemu. Sidhani kama meya wa Sarpourenx alifika huko. Kasoro ya sheria yetu ni kwamba familia ya Singapore inaujua mwaka wa kufukua tangu siku ya mazishi, wakati ya kwetu inaujua wapima wakishafika na vigingi.

Kwa makaburi ya manispaa, Tabora au Kigoma mjini, ningekubali ukomo, mradi uzidi miaka 15, viongozi wa dini washirikishwe, na wafiwa waambiwe kabla jeneza halijashushwa. Vijijini sikubali. Labda tuzungumze tena kila kaya ikishapata hati ya hakimiliki ya kimila, yaani karatasi ya kumiliki ardhi ya kijiji, na makaburi yake yakaonyeshwa kwenye ramani.