Kazi Imehamia Kwangu, Mshahara Umebaki Kwao

Kila nikisikia wataalamu wakitangaza kwamba mashine zitatunyang'anya kazi, nabaki kinywa wazi. Zitatunyang'anya lini? Mimi tangu zije sijapata hata nafasi ya kupumua. Sasa hivi ni keshia wa duka kubwa, karani wa benki, mhudumu wa uwanja wa ndege na opereta wa simu, vyote kwa mpigo. Nimebakiza kuambiwa mshahara nikauchukue dirisha lipi. Ah, kumbe madirisha yamefungwa.

Tuanze na dukani. Zamani keshia alipokea bidhaa zako, akazipiga hesabu, akakupa risiti na salamu. Siku hizi naelekezwa kwenye mashine ya kujihudumia. Nageuza pakiti juu chini nikitafuta ile mistari myeusi, napitisha, napima, nafungasha, nalipa. Nikidhani nimemaliza, mashine inapayuka kwamba nimeweka kitu isichokitambua, taa nyekundu inawaka, na foleni nzima inanitazama kwa jicho la mwizi. Anayekuja kuizima ni nani? Keshia yule yule! Eti amepunguziwa kazi, kumbe amekabidhiwa mashine kadhaa azilee, na kila moja inalia kwa wakati wake.

Tena mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, bwana mmoja aitwaye Clarence Saunders alifungua duka lake la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo, mteja alisimama kaunta akataja anachotaka, karani akaenda kukichukua. Saunders akawapa watu vikapu: zungukeni wenyewe, okoteni wenyewe. Watu wakashangilia! Mwaka uliofuata akapewa hataza ya utaratibu huo. Fikirini jamani, mtu ana hati ya serikali ya kututumikisha.

Na simu je? Aliyewapokonya kazi maopereta wa kuunganisha simu alikuwa mtu wa shughuli za mazishi, Almon Strowger. Inasimuliwa kwamba alimshuku opereta mmoja kuwa anawapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Basi akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, akapata hataza mwaka 1891. Mzika maiti akazika na ajira. Ila tazameni vizuri: mtambo ulichukua nusu tu ya kazi ya opereta. Nusu ya pili, kuzungusha namba, nikaachiwa mimi na kidole changu. Leo kidole hicho hicho kinaambiwa bonyeza moja, bonyeza tatu, bonyeza nyota urudi mwanzo, na mwisho wa safari sauti tamu inaniambia simu yangu ni muhimu sana kwao. Kisha inakatika.

Kwa upande wa benki, wachumi wana jibu lao. Mashine ya kutolea pesa, mojawapo ya zile za mwanzo, iliwekwa Enfield, London, mwaka 1967, na zilipoenea Marekani makarani hawakupungua. Waliongezeka kwa miaka mingi, kwa sababu tawi lilihitaji watu wachache, benki zikafungua matawi mengi zaidi. Sawa, nakubali. Lakini siku hizi tawi lenyewe limehamia kwenye simu yangu, na meneja ni mimi. Nikisahau nywila, najiuliza maswali ya usalama mwenyewe, najijibu, naambiwa nimekosea.

Uwanja wa ndege najibandikia lebo ya begi. Nasubiri tu siku watakaponiita mbele nikashike usukani.

Linalonikera kuliko yote ni roboti kunitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani! Mlingoti nao ni taa? Kumbe hata hayo ni kibarua. Tangu 2007 mfumo mmoja wa majaribio ya namna hii, uitwao reCAPTCHA, ulitumia majibu ya watu kusoma maneno ya vitabu vikuukuu yaliyoishinda kompyuta. Yaani namfundisha kazi mrithi wangu, na posho ya mafunzo sijaiona.

Mchumi Keynes alitabiri mwaka 1930 kwamba ndani ya miaka mia tutafanya kazi saa 15 kwa wiki. Labda alimaanisha zile zenye malipo. Maana kompyuta ilimshinda bingwa wa dunia Kasparov katika sataranji mwaka 1997, na mashati yangu hadi leo nayakunja mwenyewe.

Juzi nilihangaika na programu ya kampuni fulani: nikajaza fomu, nikapiga picha nyaraka, nikajitafutia tatizo, nikajitatulia. Mwishoni ikaniomba nitathmini huduma niliyopata. Huduma ipi, ya nani? Nikajipa nyota zote tano, na kwenye nafasi ya maoni nikaandika: "Mhudumu alikuwa mvumilivu mno. Apandishwe cheo."