Nani Kawaambia Mustang Ilikuwa na Matundu?

Jumamosi nilituma picha ya bawa kwenye kundi letu la WhatsApp la waunga modeli za ndege, lile la watu tisa ambao familia zao zimeshazoea sebule inayonuka gundi. Bawa la Mustang, ile ndege ya kivita ya Wamarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, aina ya P-51D, modeli ya plastiki ya skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege yenyewe, limepakwa rangi ya fedha, bado bichi kidogo. Nimelikeshea siku tatu mfululizo. Jibu la kwanza likaingia kabla sijaweka simu chini: "Kazi safi kaka, ila umeziua ribiti zote. Msasa umezidi."

Ribiti ni vile vipini vinavyobana mabati ya ndege, na kwenye plastiki huchongwa kama vishimo vidogo. Nimeziua, ndiyo. Nimeziua kwa makusudi, safu kwa safu, kwa puti na kijiti cha kuchokolea meno, nimeinama chini ya taa mpaka shingo ikagoma. Halafu mtu aliyelala usingizi wake mzuri ananipa pole kama vile nimeunguza wali.

Nikamjibu kwa adabu. Hapa kwangu sina haja ya adabu.

Mustang halisi haikuwa na ribiti za kuonekana sehemu ya mbele ya bawa. Hazikuwepo. Yaani zilikuwepo kwenye bati, lakini kiwandani kwa North American, waliotengeneza Mustang, Inglewood kule California na baadaye Dallas, bawa lilipigwa praima, maungio na vichwa vya ribiti vikazibwa kwa puti, likasuguliwa mpaka likawa laini, kisha likapakwa rangi ya fedha. Ni kuanzia ukingo wa mbele kurudi nyuma karibu asilimia 40 ya upana wa bawa. Kilichobaki kuonekana huko mbele ni vifuniko vya bunduki na vitu vichache vya kufungua na kufunga. Na haikuwa urembo. Umbo la lile bawa lilichorwa ili hewa itambae juu yake kwa utulivu kwa umbali mrefu kuliko mabawa ya kawaida ya wakati ule, na kinundu kidogo tu kinatosha kuitibua. Wamelipa watu mishahara wakae wanasugua bawa katikati ya vita, wakati kila ndege inasubiriwa, ili ribiti zisionekane. Miaka themanini baadaye kampuni ya modeli inakuchongea ribiti mia kadhaa palepale, inaandika ubavuni mwa boksi kwamba uso wa ndege una maelezo kamili, na wewe unalipia.

Boksi langu sitalitaja jina. Lakini nilichukua kalipa, kile kipimo cha milimita, nikapima mistari ya maungio ya mabati: milimita 0.2 kwa upana, kwenye plastiki. Zidisha kwa 48. Karibu sentimita moja. Kwenye ndege halisi ungechomeka kidole kwenye ufa huo, na rubani angeshuka ngazi akakataa kupanda tena. Vishimo vya ribiti ndiyo usiseme. Milimita 0.3 mara 48 ni milimita 14 na ushee. Hiyo si ribiti, hiyo ni nati inayotaka spana namba 14. Tena ndege imejaa matundu hayo kama ungo, na watu wanasema, "Aisee, angalia ilivyo sahihi."

Mjomba wangu alikuwa fundi bodi wa magari mtaa wa Gerezani kwa miaka mingi, kabla magoti hayajamshinda. Hajui Mustang ni nini. Ukimwambia Mustang atakuuliza ya mwaka gani na kama bampa yake inapatikana. Alinikuta barazani na lile bawa mkononi, la kulia nimeshaliziba, la kushoto bado. Akayaweka yote mawili kwenye mwanga, akayainamisha kama anavyoangalia mlango wa gari uliogongwa, akauliza, "Hili lenye vidonda ndilo bado?"

"Ndiyo, mjomba."

"Waliotengeneza hii wanauza kazi kabla haijapigwa puti?"

Nikamweleza kwamba hapana, mjomba, wao wanaona hivyo ndivyo sahihi. Alinitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu nilipofeli hesabu darasa la saba.

Najua mtu atanijia na Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya vita hiyohiyo. Sawa, tuongee Spitfire, maana yenyewe ndiyo inanipa haki zaidi. Wakati wa majaribio, Supermarine, kampuni iliyoiunda, walitaka kujua ni wapi panahitaji ribiti bapa, ambazo ni ghali na zinachelewesha kazi, na ni wapi zile za kichwa cha mviringo hazitaleta hasara. Wakachukua dengu zilizopasuliwa, hizihizi za kupika, wakazibandika kwa gundi juu ya vichwa vya ribiti bapa, ndege ikaruka. Dengu zikiwa zimejaa kila mahali, mwendo ulipungua kwa karibu maili 22 kwa saa. Kisha wakawa wanazibandua eneo moja baada ya jingine na kupima tena, mpaka wakajua wapi hazisumbui. Ndiyo maana nyuma ya kiwiliwili cha Spitfire nyingi kuna ribiti za kuvimba, na kwenye mabawa hakuna. Mhandisi alikaa na dengu mkononi akijiuliza kila ribiti iko wapi na kwa nini. Mchonga kalibu wa leo ana kompyuta ya kumwaga, anapitisha ribiti za aina moja kuanzia pua hadi mkia. Na kwenye ile sehemu ya nyuma, ambako zilivimba kwenda nje, yeye anazitoboa kwenda ndani.

Wazee wetu kwenye mchezo huu walizitukana modeli za zamani kwa sababu ribiti zake zilikuwa vinundu vikubwa juu ya plastiki, ukipapasa unadhani ndege imeota surua. Walikuwa na haki. Sisi tumegeuza surua ikawa ndui, tukaiita maendeleo.

Sasa nije kwenye kinachoniuma kweli, maana haya ya juu ni hasira za kawaida tu za mtu aliyekosa usingizi.

Watu wetu wanaongea kama usahihi ni jambo moja na urahisi wa kuunga ni jambo jingine: hili boksi ni sahihi lakini gumu, lile linaungika lakini lina makosa, chagua. Lakini kaa chini uunge, uone. Bawa lina nusu ya juu na nusu ya chini, zinakutana ukingo wa mbele. Gundi ikikauka unabaki na mshono. Mshono lazima usuguliwe, msasa namba 400, 800, halafu 1500 na maji. Ukisugua mshono, unafuta ribiti za pande zote mbili. Mwenye uzoefu ana kigurudumu chake cha meno na mkanda wa kuongozea, anazichonga upya, saa mbili zimekwenda. Anayeanza hana. Anaona ameharibu. Na rangi ya fedha haina siri. Rangi ya kijani itakufichia mkwaruzo, fedha itauweka hadharani mpaka jirani auone.

Kijana mmoja wa mtaani kwangu, wa kidato cha tatu, mikono yake mizuri kuliko yangu, aliunga Mustang kama hii likizo ya Desemba. Alisugua mshono, ribiti zikapotea, akaja kwangu ameishika kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa. "Kaka, nimeiharibu." Nikamwambia hujaiharibu, umeirekebisha, ndivyo ilivyokuwa. Hakuniamini. Boksi lilikuwa na picha na picha ilikuwa na ribiti, mimi nani nibishane na boksi? Hajaunga nyingine tangu siku ile. Kwa hiyo mtu akiniambia ribiti za uongo hazimdhuru yeyote, zinaongeza uzuri tu, namkumbuka yule kijana, na sicheki. Kosa lile limefanya modeli iwe ya uongo na iwe ngumu kwa mpigo mmoja. Wangeacha bawa laini, kama lilivyokuwa, ingekuwa sahihi zaidi na rahisi zaidi, na kalibu ingekuwa nafuu zaidi kuchonga.

Haya, niwape wapima-kalipa haki yao, ingawa inanichoma. Mwaka 2014 Eduard, ile kampuni ya modeli ya Wacheki, walitoa Bf 109G-6, ndege ya kivita ya Wajerumani iliyoundwa na Messerschmitt, ya 1/48 iliyosubiriwa kwa hamu. Watu wakaweka kalipa. Messerschmitt ile, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ina mita 9.92, gawanya kwa 48, upate sentimita 20.7 hivi. Ya kwenye boksi ikawa kubwa kuliko inavyotakiwa. Kelele zikapigwa, wengine wakaitwa wachawi wa milimita, mimi mwenyewe niliwaita hivyo. Lakini Eduard walichonga kalibu mpya kabisa, na mwaka 2016 ikatoka 109 yenye vipimo vyake. Bila wale wachawi tungekuwa na ile nene mpaka leo. Basi. Nimesema.

Ila angalieni walichokuwa wanapima: umbo. Ukubwa. Kitu ambacho jicho linakiona ukiwa umesimama mlangoni. Spitfire yenye bawa lisilokaa duaradufu yake inakukera hata kama hujui kwa nini. Hapo nipo upande wao, na kalipa nitawashikia.

Kwa upande mwingine kuna modeli ya P-51D ya Tamiya, ile kampuni ya Wajapani, ya mwaka 1995. Shimo la magurudumu limekosewa: ukuta wake wa nyuma unafuata umbo la mlango, badala ya kurudi moja kwa moja mpaka kwenye boriti kuu ya bawa. Kosa la kweli, linajulikana, halina utetezi. Lakini vipande vinakaa vyenyewe, unasikia kabisa vikikaa, kama kifuniko cha sufuria nzuri. Na shimo lenyewe liko tumboni. Mgeni wangu wa mwisho aliyeigeuza ndege yangu juu chini alikuwa na miaka minne na aliondoka na panga moja la propela.

Modeli yangu hii ni ya mkia mwekundu, wale marubani weusi wa Tuskegee, 332nd Fighter Group, waliokuwa Ramitelli kule Italia na kupewa Mustang katikati ya 1944. Nilitaka ya Lee Archer, mmoja wao, ndege aliyoiita Ina the Macon Belle, lakini ile ni P-51C, yenye kile kifuniko cha zamani cha rubani, na bei ya kuagiza C pamoja na kodi iliniambia nikae chini nitulie. Nimechukua D. Wekundu wa ule mkia una ugomvi wake mwingine, upi hasa, mzito kiasi gani, sitauingia leo.

Kuna la rangi ambalo linafuatana na hadithi ya puti na hakuna anayelisema. Kiwiliwili cha hizi ndege kiliachwa bati tupu. Bawa lilipakwa rangi. Kwa hiyo ndege moja ina fedha mbili: moja ya bati linalong'aa na kuonyesha kila pande la bati kwa mng'ao wake, nyingine ya rangi, imepoa, inafanana kila mahali. Ukimwona mtu amepaka bawa la Mustang vipande vipande, kimoja cheusi kidogo, kingine cheupe kidogo, kama amevalisha ndege kanga za viraka, ujue anafuata ribiti ambazo hazikuwepo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili. Ziko kabatini, rafu ya chini.

Kwenye bawa la kushoto mambo yalikwenda vibaya kidogo. Joto la hapa Dar linakausha puti juu kabla ndani haijashika, ukiigusa mapema na msasa inang'oka yote kama gamba la kidonda. Nilirudia safu nzima. Halafu nikiwa nimeshika brashi ya hewa, praima imefika nusu, umeme ukakatika na kompresa ikanyamaza. Nilimalizia asubuhi, na pale nilipounganisha kuna kijistari ambacho mwanga wa pembeni unakiona. Mjomba amekiona. Hakusema kitu, alipitisha kidole tu.

Na karibu na vifuniko vya bunduki, upande huohuo wa kushoto, kuna ribiti mbili zilizonikwepa. Nilizigundua baada ya rangi. Yule wa WhatsApp nimemtumia picha yake, nimezizungushia duara, nikamwandikia kwamba hizo mbili ndizo makosa yangu. Amejibu kwamba hizo ndizo zilizotoka vizuri.