Biashara ya ukocha hujengwa na wateja wanaoondoka

Ukocha wa kitaaluma, yaani kumsaidia mtu kwa mazungumzo afikie malengo yake ya kazi au ya maisha, una sifa isiyopatikana katika biashara nyingi: kazi ikifanyika vizuri, mteja huondoka. Meneja mpya aliyekuja akiogopa kumwambia ukweli msaidizi wake, au mtu aliyekwama katika uamuzi wa kubadili kazi, akishaweza kujiongoza mwenyewe hana tena sababu ya kulipa ada. Kocha asiyelikubali jambo hili mapema huanza, pengine bila kukusudia, kurefusha vikao na kutafuta tatizo jipya kila la zamani linapotatuliwa. Nauona mwenendo huo kuwa hatari kuliko uhaba wa wateja, kwa sababu mteja aliyeng'ang'aniwa hamtumi mwenzake, ilhali aliyemaliza akiwa ameridhika humtaja kocha wake popote pale, na katika kazi hii wateja huletwa zaidi na maneno ya wateja kuliko matangazo.

Kwa hiyo napendelea mkataba wenye mwisho unaojulikana: tuseme vikao 8 katika miezi 4, malengo yakiwa yameandikwa kwa maneno ya mteja mwenyewe. Katika kikao cha nne karatasi ile hutolewa tena, na kocha huuliza waziwazi ni lipi limesogea, ni lipi limekwama, na kama vikao vilivyosalia bado vinahitajika. Swali hilo la mwisho ni gumu kuliuliza kodi ya nyumba inapokaribia. Hata hivyo, ndilo linalomwonyesha mteja kwamba anayeketi mbele yake anamtafutia maendeleo.

Ugumu huo hutokana na ada iliyopangwa vibaya, na hapa ndipo makocha wengi wazuri wanapoangukia. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hawezi kuwa na vikao 40. Kabla ya kikao kuna kupitia kumbukumbu za kilichotangulia, na baada yake kuna kuandika. Kuna ankara, kujibu maulizo, mafunzo ya kujiendeleza, na mazungumzo ya utangulizi yasiyolipiwa na watu ambao baadhi yao hawatarudi. Tena kusikiliza kwa makini kunachosha mwili na akili, na mteja wa kikao cha tano katika siku moja huhisi kwamba amepewa mabaki. Tukichukulia vikao 15 vya saa moja kwa wiki, saa hizo 15 zinapaswa kuzilipia saa zote 40, yaani ada ya kikao iwe zaidi ya mara mbili na nusu ya kiasi ambacho kocha anahitaji kwa kila saa anayofanya kazi, na hapo hatujagusa kodi ya serikali, likizo wala siku za ugonjwa. Anayetoza chini ya hapo kwa huruma ataishia kuwaacha wateja wake wote bila msaada siku atakapofunga biashara.

Anayeanza naye awe na subira. International Coaching Federation, shirika lililoanzishwa mwaka 1995, hudai saa 100 za ukocha kwa ngazi yake ya kwanza ya ithibati, 500 kwa ya pili na 2,500 kwa ya tatu, mbali na mafunzo na mitihani. Mwenye vikao vitano kwa wiki atahitaji takriban miaka miwili kuzifikisha saa 500. Sioni aibu yoyote katika kubaki na ajira nyingine muda huo wote; kipato cha pembeni humpa kocha uhuru wa kumkataa mteja asiyemfaa.

Kazi za makampuni hulipa vizuri, lakini zina mtego wake, kwa kuwa anayelipa si yule anayefunguka katika kikao. Mipaka ya siri iandikwe kabla ya kikao cha kwanza, pande zote tatu zikiwapo: mwajiri ataambiwa kama vikao vimehudhuriwa, na mengine atayasikia kwa mfanyakazi mwenyewe. Mkuu wa rasilimali watu akimuuliza kocha kwenye korido, "Yule anaendeleaje?", jibu lake ni kumkumbusha makubaliano hayo. Neno moja likivuja, idara nzima itajua, na mkataba ujao hautakuwapo.

Lipo pia pato ambalo kocha lazima aliachilie. Mteja anayeeleza kwamba halali usiku kwa wiki kadhaa na haoni tena sababu ya kuishi anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Kocha makini huwa ameshajuana na wataalamu wawili au watatu wa aina hiyo, na humuunganisha mteja nao siku hiyohiyo, hata kama mkataba umebakiza vikao vinne na ada yake italazimika kurudishwa.