Mimi Sikusema Kuna Bomu

Mimi sikusema kuna bomu. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu hadi leo wapo akina mama pale soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, wakiniona nakatiza na baiskeli wanaitana, "Huyo! Mwenye mabomu huyo!" Nilichosema ni kwamba mabomu hayakuwapo. Tena nilikisema kwa sauti, mbele ya watu wazima wanaokunywa kahawa.

Mwenzenu nina ugonjwa wa vita. Si vya kupigana, maana hata jogoo wa jirani namkwepa. Ni vya kusoma. Nitajie manowari iliyopita pwani hii, nitakwambia iliishia wapi. Königsberg ya Mjerumani ilivyoizamisha Pegasus ya Mwingereza pale bandarini Unguja, Septemba 1914, kisha ikaenda kujichimbia delta ya Rufiji. Rubens, iliyokuwa ikimletea Mjerumani silaha, ilivyopigwa Ghuba ya Manza, hapo juu tu, Aprili 1915. Hayo nayajua kuliko tarehe za kuzaliwa za wanangu. Mama watoto analijua hilo, na hulitaja kila tukikosana.

Basi jioni moja kijiweni Ngamiani, kahawa chungu na kashata, mtu akauliza ilikuwaje Mwingereza akashindwa hapa Tanga. Mimi huyo! Nikaweka kikombe chini.

Nikawapa mambo. Novemba 2, 1914, asubuhi, manowari ya Mwingereza, HMS Fox, imefika. Nahodha wake, Caulfeild, kaonana na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, kampa saa moja mji usalimu amri. Na katikati ya vitisho vyake akauliza: hivi bandari yenu imetegwa mabomu? Jamani! Unakwenda kumvamia mtu nyumbani kwake, halafu unamuuliza yeye huyohuyo kama mbwa wake ni mkali! Caulfeild akaondoka pale akiamini kabisa maji yametegwa. Vyombo vikaanza kufagia bahari kutafuta mabomu, na humo hamkuwa na bomu hata la kusingiziwa. Wakati wao wanafagia, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anashusha askari kwa reli kutoka Moshi. Naye alipofika, akapanda baiskeli usiku kwenda kuukagua mji.

Hapo kwenye baiskeli huwa nanyamaza kidogo, maana watu wa Tanga hupapenda.

Walioshuka Ras Kazone walikuwa kama 8,000. Wa upande wa pili, askari weusi na Wajerumani wao, kama 1,000 tu. Tarehe 5 waliosalia katika hao 8,000 wamerudi melini, wameacha nyuma bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Mtu wa kijiweni atakwambia ni nyuki. Nyuki waliuma kweli, ila waliuma pande zote, hawakuangalia nani mgeni nani mwenyeji.

Sasa, mwisho wa benchi alisimama kijana mmoja anayebeba samaki kwa pikipiki. Alifika nikiwa kwenye "bandari imetegwa mabomu", na simu ikamwita kabla sijafika "hata la kusingiziwa". Akaondoka na nusu.

Nusu ile ilikwenda mwaloni usiku uleule, na njiani ikavishwa nguo. Kwamba kuna mwalimu Ngamiani (sijawahi kufundisha hata chekechea) ana ramani ya Mjerumani. Kwamba mabomu yako chini tangu vita ya kwanza, na bamvua hii, maji makubwa ya mwezi, inayafukua. Bamvua! Neno hilo sikulitamka hata nyumbani kwangu. Na nahodha mmoja mzee, simtaji jina kwa kuwa bado ananiuzia samaki, akaapa kwa Mola wake kwamba juzi yake nyavu imenasa kitu kizito, kikamburuta na chombo. Ikawa basi. Watu wa karabai hawakuwasha taa, mashua zikalala kwenye nanga, na asubuhi wachuuzi wakasimama mnadani na mabeseni yanayolia upepo.

Mimi habari niliipata kwa kikapu. Mama watoto alirudi sokoni na kunde. Nikauliza samaki wako wapi. Akanitazama kama dakika nzima.

"Si umewatega mwenyewe?"

Kabla sijameza chai, mwenyekiti wa mtaa yuko mlangoni, twende. Tulipofika mwaloni nikakuta umati, na mbele yake bwana mmoja wa doria, jasho linamtoka, daftari mkononi. Huyu aliposikia mabomu alijua ni wale wanaovua kwa baruti, akanivuta kando kwa upole.

"Mzee wangu, usiogope. Nitajie tu mhusika."

Nikafikiri anaulizia historia. "Caulfeild," nikamwambia.

Akaandika. "Chombo chake?"

"Fox."

"Anapaki wapi?"

"Alikuja akaondoka, mwaka 1914."

Kalamu ikasimama. Akaliangalia daftari, akaniangalia mimi, akachana ule ukurasa taratibu na kuutia mfukoni. Hakunisemesha tena.

Nikapandishwa juu ya kreti la barafu niwaeleze wananchi. Nikaeleza vizuri, kwa miaka na majina, mpaka mama mmoja mwenye kanga kiunoni akanyosha mkono.

"Shikamoo baba. Wewe 1914 ulikuwapo?"

"Marahaba. Sikuwapo, binti yangu."

"Sasa Mwingereza mwenye manowari aliyaogopa, na alikuwapo. Wewe hukuwapo, unatuambia hayamo. Tumsikilize nani?"

Umati ukapiga makofi. Wallahi hata mimi nusura nipige. Nimesoma miaka yote hii, na hoja ile sijaikuta kwenye kitabu chochote.

Tukiwa hapo tunabishana, mtoto mmoja akapiga ukelele, "Chombo!" Kweli, mashua inaingia, imelemewa hadi maji yanakaribia ubao wa juu. Usukani ameshika nani? Nahodha yuleyule wa kitu kizito. Usiku kucha alikuwa na bahari nzima peke yake. Nguru, changu, tasi, vibua hadi miguuni kwa mabaharia wake. Na mnadani muuzaji ni mmoja, wanunuzi ni Tanga nzima. Bei aliyoitaja siiandiki hapa, ila yule mama mwenye kanga alikaa chini.

Nikamsogelea. "Ami, wewe si ulisema nyavu yako imenasa bomu?"

"Nani kasema bomu?" Anahesabu noti, hata hanitazami. "Mimi nilisema kitu kizito. Kumbe nguru."

Usiku wake wakaingia wote, na samaki wakarudi bei yao. Kijana wa pikipiki hakuonekana kijiweni muda mrefu. Jioni, nimekaa barazani kwangu, ami akaja na changu watatu kwenye mfuko, akavua kofia, akaketi karibu kabisa nami. Akaulizia afya yangu, wajukuu, hata baiskeli. Kisha akainama sikioni.

"Eti mwalimu, hizi nyambizi nazo, hazikuwahi kufika huku kwetu?"

Kabla sijafungua mdomo, dirisha la jikoni likafunguka.

"Changu waache," mama watoto akasema. "Na wewe usimjibu!"