Chai ya Mma Ramotswe na Maradhi Yasiyotajwa

Kila Jumamosi baada ya alasiri, wapenda kusoma sita hukutana kwenye baraza ya nyumba moja Kibokoni, Mombasa, kwa kahawa chungu na kashata. Mwezi huu kimetugawa kitabu cha kwanza cha mfululizo wa The No. 1 Ladies' Detective Agency, alichokitoa Alexander McCall Smith mwaka 1998 na kufuatiwa na vingine zaidi ya 20. Nakala yenyewe ni ya mtumba na kurasa zimevimba kwa chumvi ya bahari. Imepita mikono yote sita.

Kwa asiyekisoma: Precious Ramotswe, au Mma (yaani Bi) Ramotswe, mwanamke wa Mochudi nchini Botswana, anauza ng'ombe alioachiwa na babake, aliyechimba migodi Afrika Kusini, kisha anafungua ofisi ya upelelezi Gaborone, karibu na kilima cha Kgale. Bunduki hana. Ana kigari cheupe, buli la chai ya majani ya porini, na karani aliyemaliza chuo kwa asilimia 97. Watu wanamletea waume wasiotulia na mabinti wenye siri. Anasikiliza, anauliza, na mara nyingi jambo linakwisha bila ya polisi.

Mwalimu wetu mstaafu hakutaka hata kumaliza kikombe. "Hii ni Afrika ya kumtuliza mgeni," alisema. Hoja yake haikuwa kwamba mwandishi ni mzungu. McCall Smith amezaliwa Bulawayo na amefundisha sheria Botswana, nchi anaijua. Hoja ni Mochudi. Katika kitabu, mtoto anaibwa, watu wanahofia ameuawa kwa ajili ya dawa za uganga, na mwishowe anapatikana hai. Mochudi, kwao Mma Ramotswe, mwaka 1994, binti wa miaka 14 aliuawa kweli, watu wakaamini viungo vyake vilitakiwa kwa dawa, na ghasia zikafuata. Unity Dow, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, aliandika riwaya juu ya mauaji ya aina hiyo, The Screaming of the Innocent, iliyotoka mwaka 2002. Kwake mtoto harudi, na wenye vyeo wanaficha ushahidi. Mwalimu akauliza: mbona ya mgeni imejaa maduka ya vitabu ulimwenguni, na ya jaji Mmotswana hatuioni?

Swali hilo ni zito, na sidhani upole wa Mma Ramotswe unalijibu. Lakini kosa ni la soko, na Mwalimu alikuwa akimbebesha mama wa watu.

Maana Bi Mkubwa mwenye nyumba, tunayemsomea na kumfasiria huku akichambua mchele, alisema neno moja tu: "Huyu mama namjua." Na kweli anamjua. Mtaani petu talaka ngapi zimezimwa na mwanamke mtu mzima aliyekaa mkekani, akanywa chai, akaacha mtu aseme mpaka amalize? Upelelezi huo upo. Na Botswana, tangu uhuru wa mwaka 1966, haijaona mapinduzi hata mara moja. Kwa nini nchi tulivu idaiwe hadithi ya damu ndipo ihesabiwe ni ya kweli?

Tena sisi wenyewe tuna Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alimtoa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake na utaratibu wake, akifumbua mauaji kwa kufikiri. Sijasikia mtu wa pwani akimlaumu kwamba anaipamba Zanzibar. Tulimruhusu atulie kwa kuwa ni wetu, na sioni haki ya kumnyima Mma Ramotswe ruhusa hiyo.

Aliyenitikisa ni dada yetu muuguzi. Katika vitabu vinavyofuata, kakake yule karani anaugua, anakonda, anakufa, na maradhi yenyewe yanazungukwazungukwa tu. Mimi nilitetea: ndivyo watu walivyosema. Hata hapa, miaka ile, nani alitamka ukimwi matangani? Tulisema "maradhi haya", au "mdudu", tukainamisha macho. Mwandishi amesikia vizuri.

Dada akaweka kikombe chini. "Hivyo ndivyo walivyosema, na ndivyo walivyokufa," alijibu. Wodini kwake watu waliletwa wamechelewa kwa sababu nyumbani hakuna aliyekubali kulitaja jina. Botswana, iliyokuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi duniani, ilianza kutoa dawa bure mwaka 2002, na ili kuzipata ilibidi mtu kwanza apime, asikie jina, na kulikubali. Kwake yeye kitabu kinachoionea huruma aibu hiyo kinaipa nafasi ya kukaa.

Bado napenda upole wa vitabu hivi, na bado naamini ni wa kweli. Lakini hapo dada ana haki kuliko mimi. Mma Ramotswe, mwenye ujasiri wa kumwambia mume wa mtu uongo wake usoni, angeweza kulitaja.

Jumamosi ijayo Mwalimu analeta nakala yake ya Unity Dow. Muuguzi ameomba aanze yeye.