Mzazi kapewa siku 60 tu?

Kuna hoja inanichosha kila nikiisikia, eti wamama weusi Marekani wanakufa kwa uzazi sababu ni maskini na hawajitunzi. Haya, Serena Williams, bingwa wa tenisi, naye maskini? 2017 kajifungua, kesho yake pumzi zinakata, mwenyewe anajua damu yake huwa inaganda, anawaambia wahudumu wa hospitali nipigeni CT skani, wao wakaanza na kumpima miguu. Mapafu yalikuwa na mabonge ya damu.

2023 huko wamama wazungu walikufa kwa uzazi 14.5 kwa kila vizazi hai 100,000, weusi 50.3. Piga hesabu mwenyewe.

Mi lawama naipeleka kwa serikali za majimbo. CDC, taasisi ya afya ya serikali kuu ya Marekani, walipopitia vifo vya uzazi vya 2017 mpaka 2019 wakakuta zaidi ya nusu vilitokea kati ya wiki moja na mwaka mzima baada ya kujifungua, na zaidi ya asilimia 80 vilizuilika. Yaani mama keshatoka wodini, wageni wameshakuja kumuona mtoto, halafu presha inapanda au moyo unachoka, na hapo anamhitaji daktari kuliko hata siku ya uchungu. Sasa angalia Mississippi, jimbo lenye weusi wengi, ndo hao kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo ikafuta haki ya kutoa mimba nchi nzima Juni 2022, wanasema wanatetea uhai, lakini sheria yao ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilikuwa bado inambeba mzazi siku 60 tu baada ya kujifungua! Bibi zetu na arobaini yao hawako mbali sana na hapo, ila bibi siku ya 61 bado anakuja kugonga mlango. Mwaka mzima wa bima ulisainiwa Machi 2023.

Georgia ndo kabisa. Agosti 2022 mama mweusi wa miaka 28 alifika hospitali na maambukizi, masalia ya mimba yamebaki, kitu cha kusafisha kizazi tu, ila sheria mpya ya kuzuia utoaji mimba ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo jinai isipokuwa sababu chache, akasubiri kama masaa 20, akafa, kaacha mtoto wa kiume. Kamati ya jimbo yenyewe, ile inayochunguza vifo vya uzazi, ikasema kifo kingezuilika. Habari ilipovuja 2024, unajua nani alifukuzwa? Kamati. Wote. Na Texas kamati yao ikaamua kuruka vifo vya 2022 na 2023, ianze kuchunguza vya 2024.