Sheria za Nuremberg na mwalimu wa Kiswahili wa Berlin

Kuna makala inayodai kwamba sheria za Nuremberg, yaani sheria za ubaguzi wa rangi ambazo utawala wa Wanazi nchini Ujerumani ulizitunga Septemba 1935, ziliwahusu Wayahudi peke yao, na kwamba Waafrika wachache waliokuwa Ujerumani waliachwa waendelee na maisha yao. Nusu ya kwanza ina ukweli, kwa kuwa maneno ya sheria yenyewe yaliwalenga Wayahudi, ambao ndio walioangamizwa kwa mamilioni. Lakini ilipofika Novemba mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Ndani ilikwisha kuagiza kwamba marufuku ya sheria hizo ya kuoana na Wajerumani iwakumbe Waroma (jamii iliyozoeleka kuitwa Wajipsi) na watu weusi pia. Nusu ya pili si kweli hata kidogo. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, alilitumikia jeshi la Wajerumani angali mtoto, akahamia Berlin mwaka 1929, akahudumia mezani, akaigiza katika filamu na kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, lugha hii hii tunayoitumia kubishana hapa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, na humo akafa Novemba 1944. Leo katika mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kimepachikwa chini, njiani wanapopita watu, kibamba cha shaba kisichozidi upana wa kiganja, chenye jina lake. Je, yupo msomaji aliyefundishwa habari za mtu huyu shuleni?